Mustang, Camaro, M2 au Cayman: Lipi la Kwenda Nalo Kiwanjani

Nitaanza na jibu, maana najua wengi mtaruka hadi chini kulitafuta. Kama pesa ni yangu, na nia ni kuzunguka kiwanja cha mbio wala si kuegesha mbele ya mkahawa watu wapige picha, nanunua Porsche Cayman S, ile ya 2013 hadi 2016. Namba mbili kwangu ni Camaro SS yenye kifurushi cha 1LE, kile cha kiwanjani. Namba tatu ni BMW M2 mpya. Mustang GT inashika mkia, na nasema hivyo hali ya kuwa ndiyo injini niipendayo kuliko zote nne. Mkiona Mmarekani, yaani Camaro, amekaa katikati ya Wajerumani wawili, msidhani nimechanganya mafaili.

Mimi ni fundi, mzaliwa wa Mombasa, na mkono wangu umezoea breki, matairi na vyuma vya chini. Nafanya kazi katika gereji moja huku Al Quoz, Dubai. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, jua likishapunguza makali, wateja wetu hupeleka magari yao Dubai Autodrome, nami huwafuata na sanduku la zana. Nikishafunga pedi mpya, mara nyingi mwenye gari huniambia, "Zungusha wewe kwanza, fundi, uzizoeshe." Hivyo ndivyo nilivyoyajua magari ambayo mshahara wangu hauwezi kuyagusa. Kwa hiyo msinisome kama dereva wa mashindano. Mimi ni yule anayekabidhiwa gari likiwa bado linanuka breki, kisha anaulizwa lina nini.

Autodrome yenyewe, kwa wasioijua, iko Motor City na ilifunguliwa 2004. Mzunguko wake mkubwa una kilomita 5.39 na kona 16, na kila Januari hufanyika hapo mbio za saa 24. Washindi wengi wa mbio hizo wamekuwa magari ya Kijerumani, na wenye BMW na Porsche hawaachi kunikumbusha. Mimi huwajibu kwamba yale ni magari yaliyojengwa kwa mashindano, yamevuliwa viti, mazulia na viyoyozi. La kwako, bwana, bado lina kamera ya kurudia nyuma.

Tuanze na anayependwa. Mustang imekuwepo tangu 1964, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake matairi ya nyuma ya matoleo ya kawaida yalifungwa kwenye ekseli moja nzima, ikawa tairi moja likipanda tuta, lenzake nalo linatikisika. Hali ilidumu hivyo hadi 2014. Kizazi kilichofuata ndicho kilicholipa kila tairi la nyuma mikono yake, na hapo ndipo gari likaanza kustahili kuzungumziwa kwenye kona. Ninayoipima hapa ni ya 2018 hadi 2023: V8 ya lita 5.0, nguvu farasi 450 hadi 460 kutegemea mwaka, gia sita za mkono, na ule Performance Pack wenye breki za Brembo, rejeta kubwa zaidi, na difu inayopeleka nguvu kwa tairi lenye mshiko badala ya kuimwaga kwa lile linaloteleza.

Injini hiyo, jamani. Haina turbo. Inapanda hadi mizunguko 7,500 kwa dakika, na ukishavuka nusu ya safari sauti yake inabadilika, inaacha uzito inashika ukali, hadi unajikuta unachelewa kupiga gia makusudi ili uisikie kidogo tena. Klachi haichoshi mguu. Mguu wa kulia ukikandamiza, gari linajibu papo hapo, na unajua umeomba nini na umepewa nini. Kwenye mstari ulionyooka unaiona Cayman kwenye kioo ikizidi kuwa ndogo. Mwenye nguvu mpishe, na Cayman hupisha.

Kisha inakuja kona, na kilo karibu 1,700 zinajitambulisha. Diski za mbele zina kipenyo cha milimita 380, kubwa kuliko rimu za magari niliyojifunzia ufundi nyumbani. Mizunguko ya kwanza hushika vizuri mno hata mtu akajiona dereva. Ukiendelea bila kulipumzisha gari, na pedi zikiwa zile za barabarani, pedeli huanza kurefuka. Pua nayo huanza ukaidi: unakata usukani, matairi ya mbele yanalia, gari linaendelea na shauri lake. Ukijaribu kuligeuza kwa mafuta, mkia unatoka. Mkia kutoka ni raha, sikatai, na ndiyo maana wengi hununua Mustang. Lakini kila unapotoka umeunguza mpira na umepoteza muda, na yule mwenye Cayman uliyemwacha kwenye mstari ameshafika kwenye bampa lako, anawasha taa.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, nami nitakaa hapo kidogo. Nishati ambayo breki lazima ziimeze hupanda sawia na uzito wa gari, na hupanda kwa mraba wa kasi yake. Magari mawili yakifika kona moja kwa kilomita 200 kwa saa, moja la kilo 1,700 na jingine la kilo 1,320, lile zito linabeba zaidi ya robo ya ziada ya kuzimwa. Nishati hiyo haipotei. Inageuka joto, joto linaingia kwenye diski, kwenye pedi, kwenye kalipa, na mwisho kwenye mafuta ya breki. Na hapa kwetu hewa inayotegemewa kuvipoza vyote hivyo, hata msimu ukiwa mzuri, si ya baridi.

Mteja wetu mmoja, mzee wa Kiomani mzaliwa wa Unguja anayezungumza Kiswahili kitamu kuliko changu, alikuwa na V8 ya Kimarekani nisiyoitaja. Siku moja akaingia maegeshoni taratibu, uso umemshuka.

"Fundi, breki zimekufa."

"Hazijafa, ami. Zimechemka."

"Si wewe mwenyewe uliyenifungia pedi mpya?"

"Pedi ni mpya, ami. Mafuta ya breki je, mara ya mwisho yalibadilishwa lini?"

Akanitazama kidogo, akaitazama gari, akasema, "Kumbe nayo hubadilishwa?"

Hubadilishwa. Kwa viwango vya DOT 4, aina ya mafuta ya breki inayotumika sana, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu wa hewani kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 155, na unyevu wa Ghuba haujawahi kuadimika. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, mguu wako unazama hadi sakafuni na gari halina habari. Mafuta ya mashindano kama Motul RBF 600 huvumilia hadi nyuzi 312 yakiwa mapya. Tulimwekea hayo mzee, tukamfunga pedi za kiwanja badala ya za barabarani, na mabadiliko hayo mawili yalimsaidia kuliko nguvu farasi yoyote ambayo angeweza kuinunua.

Anayedhani uzito ni hadithi za mafundi na aangalie Nürburgring, ule mzunguko wa Kijerumani wa kilomita 20.832 ambako kila kampuni huenda kujitapa. Mwaka 2022 Porsche 911 GT3 RS, injini ya lita 4.0 isiyo na turbo, nguvu farasi 518, kilo kama 1,450, ilizunguka kwa dakika 6 na sekunde 49.328. Mwaka 2025 Ford wakapeleka Mustang GTD, nguvu farasi 815 na uzito unaokaribia tani mbili, ikazunguka kwa 6:52.072. Mimi nawavulia kofia Ford. Mmarekani kushuka chini ya dakika saba katika mzunguko ule ni jambo kubwa. Lakini hebu tazameni hesabu: karibu nguvu farasi 300 za ziada, bado sekunde mbili na ushei nyuma. Na hiyo GTD ni gari la zaidi ya dola laki tatu, siyo Mustang ya mjomba wako.

Sasa Camaro, ambayo ndiyo inayonivurugia wale wateja wanaotaka jibu la bendera, Marekani au Ujerumani. Camaro ya kizazi cha sita, iliyotoka na modeli ya 2016, ilijengwa juu ya sakafu moja na Cadillac ATS, gari lililobuniwa kupambana na BMW 3. Kwa hiyo chini ya mabega yale mapana kuna mifupa ya gari la kona. Ile SS yenye 1LE ina V8 ya lita 6.2, nguvu farasi 455, na injini yake ni ya mtindo wa kizamani: kamshafti moja tu iliyo ndani ya bloku, inasukuma vali kwa vijiti. Wajuaji wa Kijerumani huicheka. Wacha wacheke. Injini hiyo ni fupi, inakaa chini, na ina nguvu tangu mguu unapogusa mafuta.

Kilichonifurahisha zaidi mimi kama fundi ni kwamba waliobuni 1LE walijua gari linakwenda wapi. Kipoza oili ya injini kipo, cha giaboksi kipo, cha difu kipo, vyote kutoka kiwandani. Shokapu zina majimaji yanayobadilika ugumu kwa sumaku, difu inaendeshwa na umeme, matairi ni mapana, 285 mbele na 305 nyuma. Unazunguka, unazunguka tena, unaangalia geji za joto, zimetulia. Unakata usukani, pua inaingia. Mara ya kwanza kulizungusha nilitoka nikalitazama tena kuhakikisha ni Camaro kweli, kwa sababu lilikuwa limenyamaza mahali ambapo Mustang hulalamika.

Mbona basi haikushika namba moja? Macho. Madirisha ya gari lile ni membamba mno hata kona ya kushoto unaitafuta nyuma ya nguzo ya kioo, na kurudi nyuma maegeshoni ni kuomba Mungu. Unakaa kama mtu aliyezama kwenye beseni. Dereva mzoefu huzoea; anayejifunza hujikuta anageuza kwa kukisia. Halafu uzito ule ule wa kilo karibu 1,700 unabaki pale pale. Vipoza vinauficha usiharibu vyuma, lakini tairi la mbele linajua, na mfuko wako utajua mwisho wa msimu. Jambo jingine ni kwamba Chevrolet wameacha kuitengeneza, modeli ya 2024 ikawa ya mwisho, kwa hiyo ukiitaka sasa ni ya mkono wa pili.

Dodge Challenger naipitia kwa haraka. Toleo lake la Hellcat lilipotoka na nguvu farasi 707 dunia ilisimama, na mimi pia nilisimama. Ni gari la tani mbili, la kustarehesha safarini na la kuogofya kwenye taa za barabarani. Lipeleke kiwanja cha Yas Marina, Abu Dhabi, usiku wa mbio za mstari ulionyooka, utafurahi. Kwenye kona 16 unalionea.

BMW M2 mpya, ile iliyotoka 2023, ndiyo inayonipa kazi ya kueleza. Injini ya silinda sita kwa mstari, lita 3.0, turbo mbili, nguvu farasi 453 ilipotoka, na wamekuachia gia za mkono ukizitaka, jambo la kushukuru siku hizi. Ukiweka namba zake kwenye karatasi pembeni ya Camaro 1LE utashangaa: nguvu karibu sawa, uzito karibu sawa, kilo 1,700 na ushei. Ile M2 ya kwanza ya 2016 ilikuwa nyepesi kuliko hii kwa zaidi ya kilo 100. Mjerumani amenenepa wakati Mmarekani anafanya mazoezi, na watu bado wanasimulia hadithi ya miaka thelathini iliyopita.

Na hata bendera zenyewe, mkizichunguza, zina mambo. M2 hii inaunganishwa San Luis Potosí, Mexico. Challenger, nyama choma ya Marekani kwa maneno ya mteja wangu mmoja, ilikuwa ikitoka Brampton, Kanada. Mustang na Camaro ndizo zinazoweza kudai Michigan.

Kwa kasi tupu M2 haina aibu. Turbo zinajaza mapema, breki ni imara, na kuna kitufe cha kuchagua ngazi kumi za kudhibiti utelezi, kutoka kukushika mkono hadi kukuachia uende zako. Kwa anayejifunza hilo ni jambo jema sana. Kila mazoezi yakienda vizuri unapunguza ngazi moja. Ila usukani wake hausemi. Unakwenda kasi, saa inathibitisha unakwenda kasi, lakini habari za tairi la mbele unazipata kwa kuchelewa. Sauti ndani nusu yake inatoka kwenye spika. Nikishuka kwenye M2 naheshimu. Nikishuka kwenye Camaro nacheka. Kwa hiyo Camaro ikapanda.

Cayman S ya 2013 hadi 2016 ni namba ndogo kila mahali. Silinda sita zilizolala, lita 3.4, hazina turbo, nguvu farasi 325. Diski za mbele milimita 330. Matairi ya inchi 19, mbele 235, nyuma 265. Mtu wa V8 akisoma hivyo anadhani nimemletea gari la harusi. Namba moja tu ndiyo inayofanya kazi yote: kilo 1,320 kwa ile ya gia za mkono, na injini imelazwa katikati, nyuma ya kiti chako na mbele ya ekseli ya nyuma.

Maana yake utaielewa mzunguko wa kwanza. Ukikanyaga breki, gari halipigi mbizi kwa pua. Linajikandamiza lote chini. Ukikata usukani, hakuna injini nzito mbele inayotaka kuendelea na safari, basi pua inakwenda unapoitazama. Katikati ya kona unaweza kuongeza mafuta kidogo ukahisi mkia unavyokaa, ukapunguza kidogo ukahisi pua inavyoingia, yote kwa kidole gumba cha mguu. Gari linakuambia mapema likikaribia kuteleza, na linakuambia kwa sauti ya upole, hivyo unarekebisha bila kuruka moyo. Nimewaona madereva wageni wakiingia na V8 wakatoka wamechoka, mabega yamepanda hadi masikioni. Hao hao wakiazimwa Cayman hutoka wakiuliza lini tena. Pedeli ya breki inabaki mahali ilipokuwa tangu asubuhi.

Dosari zake ninazo. Gia ni ndefu kupita kiasi. Ya pili peke yake inakupeleka karibu kilomita 130 kwa saa, kwa hiyo kwenye kona za polepole unabaki na gia isiyo na haraka. Kwenye mstari mrefu unakuwa mpole, unapisha watu. Na kwa sisi mafundi ni gari la mateso: ukifungua nyuma hukuti injini, unakuta zulia na matundu ya kutilia maji na oili. Injini yenyewe utaiona ukilinyanyua gari. Mustang unafungua boneti, kila kitu kinakusalimia. Plagi nane, dakika chache, umemaliza. Cayman plagi sita, andaa jioni.

Msichanganye gari hili na 718, Cayman iliyofuata 2016. Kwenye 718 za kawaida Porsche waliweka silinda nne na turbo. Ni nyepesi, zina kasi kuliko hii ninayoisifu, na breki zake sina neno nazo. Sauti tu. Mwenye uwezo zaidi na atafute 718 GT4: lita 4.0, silinda sita tena, nguvu farasi 414, mizunguko 8,000. Lile ndilo gari ambalo mwenyewe akiniambia "zungusha kidogo" mimi husahau maana ya kidogo.

Tuingie kwenye pesa, maana kununua gari ni mlango tu. Tairi la 305 halina bei ya tairi la 235, na gari zito hulila haraka zaidi, hivyo unalipa mara mbili: bei ya juu na safari nyingi dukani. Pedi vilevile. Upande mwingine, kipuri cha kawaida cha Mustang au Camaro ni rahisi kukipata na bei yake ni ya kibinadamu, ilhali kipuri kile kile kikiwa na nembo ya Porsche kinahitaji kikao cha familia. Kwa msimu mzima wa kiwanja, gari likiwa zima, Cayman ndiyo huwa nafuu kwa vinavyolika. Kikiharibika kitu kikubwa, mizani inageuka vibaya, tena vibaya sana.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna tangazo litakalokuambia. Magari ya Kimarekani rimu zake hufungwa kwa nati juu ya boliti zilizosimama kwenye habu. Porsche na BMW hutumia boliti zinazopita kwenye rimu na kuingia kwenye habu. Uko kiwanjani, jua limewaka, umetaka kubadilisha matairi: kwa Mmarekani unaning'iniza rimu kwenye boliti, unakaza nati, umemaliza. Kwa Mjerumani unaibeba rimu kwa goti, unachungulia tundu, unatafuta boliti kwa mkono wa pili. Wateja wetu wanaokwenda mara kwa mara huishia kufunga boliti za kusimama. Ukinunua, anza na hilo, mgongo wa fundi wako utakushukuru.

Kwa walioko Imarati, angalia sana asili ya gari. Yapo yaliyoletwa rasmi kwa ajili ya Ghuba, na yapo yaliyoletwa na watu kutoka Marekani, mengi yakiwa yamenunuliwa minadani baada ya ajali na kunyooshwa. Mustang na Camaro za namna hiyo ni tele, bei inavutia, rangi inameta. Barabarani pengine hutaona tofauti. Kiwanjani, fremu iliyowahi kupinda huongea: gari linakata kulia vizuri na kushoto linasita, tairi moja linakwisha upande wa ndani. Lete gari lipandishwe kabla ya kutoa pesa. Nimewahi kuwaharibia watu furaha yao kwa tochi tu. Na bima yako, isome. Bima nyingi za kawaida zinakoma langoni mwa kiwanja.

Wa nyumbani huniuliza kama wanaweza kununua huku wakapeleka Mombasa. Ya huku usukani uko kushoto, na Kenya inataka wa kulia na gari lisilozidi miaka minane. Camaro na Challenger hazikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia katika umbo hili la mwisho. Mustang imeanza kutoka hivyo na kizazi cha 2015, ndiyo maana zile chache mnazoziona Nairobi ni Mustang. Tafuteni za Uingereza au Australia, na muangalie umri. Cayman za usukani wa kulia zipo tangu mwanzo, lakini ile ninayoisifu mimi umri umeshapita mpaka wa Kenya, basi itabidi mtafute 718. Porsche na sisi si wageni, kwanza. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo alishika nafasi ya pili kwenye Safari Rally akiwa na 911, kwenye matope na vumbi letu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipima sekunde za lami.

Haya. Ukiwa umeshaamua, kabla ya siku yako ya kwanza kiwanjani fanya haya kwa gari lolote kati ya hayo manne: mafuta mapya ya breki yanayovumilia joto kali, pedi za kiwanja hata kama zitapiga kelele barabarani, oili mpya, na nati zote zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zikazwe tena baada ya mizunguko ya mwanzo. Mwenye Mustang, ongeza kipoza oili na uzunguke mizunguko michache kwa wakati mmoja, kisha mmoja wa polepole usiogusa breki, ndipo uingie maegeshoni. Usivute handibreki ukisimama. Diski bado ni moto, pedi itang'ang'ania hapo hapo na utaanza kuhisi gari linatetemeka ukikanyaga breki. Weka gia, zima, fungua boneti. Kama una Cayman, boneti ya mbele utakuta begi lako.